Kitambaa cha Mkawasi

Jumatano, 1986. Voi. Joto tangu asubuhi, vumbi jekundu hadi kwenye meno.

Leo nimemtendea mtu ubaya, na hakuna aliyeniona.

Mimi ndiye mtunza kompyuta wa shamba letu la mkonge. Ijumaa nilikuwa natafuta hitilafu kwenye kiini cha mfumo, ile sehemu inayoendesha programu nyingine zote. Nikaweka humo amri ya kusimama: mashine ikifika pale isimame, inionyeshe ilichobeba kwenye kumbukumbu, ingoje nibonyeze kitufe, kisha iendelee. Ukimaliza kazi unaitoa amri yako. Mimi nikasikia honi ya basi la Bura, nikakimbilia likizo yangu bila kuitoa.

Jana, wakati wa kuchapa hati za mabehewa, mashine ikafika pale ikasimama. Ilinitii kabisa. Mimi nilikuwa kwa mama, nakula kimanga chake cha kupondwa.

Aliyekuwa mbele yake ni Mkawasi, karani wetu. Kioo kimeganda, mabehewa yanangoja stesheni, meneja anafoka. Meneja akakiona kitambaa ambacho Mkawasi alikifuma mwenyewe kuifunika mashine vumbi lisiingie, vile tunavyofunika redio nyumbani. Akakata kauli: kitambaa kimeinyima hewa.

Nilipoingia leo nikajua mara moja. Nikabonyeza kitufe. Ikaendelea palepale ilipoachia.

"Umeona?" meneja akamwambia Mkawasi. "Kitambaa kimetoka, mashine inapumua. Kesho unaenda kiwandani kufunga mkonge."

Nilikuwa nimeshafungua mdomo. Nikaufunga. Nikawapa mgongo, nikaitoa ile amri kimyakimya.

Mkawasi akanifuata mlangoni, kitambaa amekikunja kwapani. "Nisamehe, kaka. Nimekuharibia mashine. Sikujua."

"Usijali, dada. Yamepita."

Nimemsamehe! Mimi!

Najiambia meneja angenifukuza, na labda ni kweli. Lakini ninaona haya hata kuandika hapa. Alishukuru, jamani. Alinishika mkono akanishukuru.

Kesho kabla king'ora cha kiwanda hakijalia nitakuwa mlangoni kwa meneja. Nikiogopa tena, Mkawasi atafunga mkonge mpaka azeeke kwa sababu mimi niliwahi basi.