Majani ya Toki na Uongo Wangu

Ouda, Uda,
Mkoa wa Nara.
2 Novemba

Mpendwa mdogo wangu Shinobu,

Pokea salamu za dada yako kutoka huku kwenye baridi. Je, hujambo? Mgongo wa shemeji Renato umepata nafuu? Na huko Londrina joto limeanza? Sisi tunapumua. Mimi ni mzima, ila nyumba imekuwa kubwa mno tangu Baba atutoke.

Usijilaumu tena kwa kutofika mazikoni. Watu walikuwa wengi, na picha uliyotuma iliwekwa pembeni mwake. Lakini siku ile nilipokupigia simu kuna jambo sikukwambia. Nimelibeba tangu nina miaka kumi na saba, na leo naliandika kabla sijapata kisingizio kingine.

Unajua kwamba baada ya kiharusi cha kwanza Baba alikataa chakula. Mwezi wa tisa akanishangaza: alitaka rameni yetu, zile tambi za mchuzi tulizouza dukani, zenye majani ya dawa ya toki. Yaani mtu aliyewapikia Ouda nzima miaka thelathini, na binti yake hajui hata pa kuanzia! Utotoni nilikuwa nalikimbia jiko nisije nikanuka dawa shuleni.

Nilijaribu. Nilichemsha majani pamoja na mifupa ya kuku asubuhi nzima, nikaongeza tangawizi na maganda makavu ya machungwa. Baba alionja kijiko kimoja akaniangalia. "Chizuru, unanilisha au unanitibu?" Mara ya pili nilipunguza majani. Akasema hayo ni maji ya kuoshea miguu. Mara ya tatu alisukuma bakuli tu, na hilo liliniuma zaidi.

Kisha akasema, "Kamuulize Kinue. Mkono ulikuwa wake. Mimi nilikuwa napiga kelele tu."

Shinobu, unamkumbuka Bi Kinue, msaidizi wa Baba jikoni. Ulikuwa na miaka sita alipotoka kwetu. Tangu Mama afariki yeye ndiye aliyekuogesha, akakufunga mgongoni huku anakata tambi. Alipoondoka ulikaa mlango wa nyuma siku nyingi ukimngoja. Ulipokuwa mkubwa uliwahi kuniambia kwamba kama Bi Kinue aliweza kukuacha bila kuaga, basi mtu yeyote anaweza. Nilikuacha uamini hivyo.

Hakukuacha. Siku ile ya sikukuu ya mji alinikabidhi chungu, moto ukiwa mdogo, akaenda kuchuma majani. Mimi niliongeza moto ili mchuzi uwahi kuiva, nikaenda kwenye simu kuongea na mvulana ambaye leo hata sura yake siikumbuki. Mchuzi wote uliungua, wateja wamepanga foleni hadi barabarani. Baba alipouliza, nilisema Bi Kinue ndiye aliyeacha moto mkali. Akamfukuza palepale mbele za watu, akamkataza kukanyaga kwetu tena. Yeye alivua aproni, akaikunja, akaondoka.

Basi, Baba aliponituma kwake, nilikaa siku kumi na mbili nikijidai nina shughuli. Mwishowe nikapanda basi hadi Sakurai. Ana miaka sabini na tisa sasa, mfupi kuliko nilivyomkumbuka. Nilianza, "Bi Kinue, ni mimi..."

"Nakuona. Ingia, unaniingizia baridi."

Nilipiga magoti mlangoni nikamweleza yote. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Nilijua," akasema. "Moto wangu niliuacha mdogo."

"Mbona hukusema?"

"Binti wa mwenye duka na mfanyakazi, nani angesikilizwa? Kazi nilipata nyingine. Lililoniuma ni kumwacha yule mdogo."

Hakusema amenisamehe, nami sikuthubutu kuuliza. Alivuta kiti akasema, "Majani hayachemshwi, we Chizuru. Unayapitisha kwenye mafuta ya kuku yaliyo moto, unahesabu hadi tano, unayatia bakulini, ndipo mchuzi unafuata. Haya, andika. Kusikiliza hukuwahi kujua."

Nilipika kesho yake. Harufu ilipopanda tu Baba alinyanyua kichwa. Alikula hadi mwisho, akanywa mchuzi wote, jasho likamtoka. Kisha akauliza, "Kinue hajambo?" Nami nikamwambia ukweli.

Hakunigombeza, na laiti angenigombeza. Alisema tu, "Nilimwaibisha mbele za watu, wala sikumuuliza hata swali moja." Akaniomba nimpeleke Sakurai Jumapili, akachagua na shati la kuvaa. Ijumaa asubuhi kiharusi cha pili kikamchukua. Zile siku kumi na mbili zangu, mdogo wangu, zingemtosha kwenda na kurudi.

Nilimpigia Bi Kinue simu. Alikuja mazikoni, akachoma ubani, akainama mbele ya Baba kwa muda mrefu kuliko sisi sote. Nilimwambia kuhusu lile shati. Alitikisa kichwa, akajifuta macho kwa kiganja.

Nakuomba radhi, Shinobu. Sikuombi unijibu haraka, wala usijilazimishe kuwa mpole.

Nisalimie shemeji Renato, wanao Akemi na Tadeu, na mama mkwe wako. Shangazi Yasuko anakusalimu sana. Mungu na wazee wetu waliotangulia wawalinde nyote mlalapo na muamkapo.

Anwani ya Bi Kinue nimeiandika nyuma ya karatasi hii. Alipokuwa anavaa viatu kuondoka alinishika mkono akauliza, "Shinobu bado anaogopa radi?" Nilikuwa sijui hata kwamba uliwahi kuiogopa. Mwandikie wewe.

Ni mimi dada yako, nikupendaye hata kama leo huwezi kunipenda,
Chizuru