Mabati Yaliyopanda Basi

Baba Dogo, Nairobi
29 Aprili 1979

Baba Andati,

Nisamehe kwanza, salamu zitafuata. Barua yako ilifika kabla ya Pasaka nikaiweka chini ya godoro, nikisema kesho, kesho, mpaka leo. Sikuwa mgonjwa. Nilikuwa na hasira na sikutaka kukuandikia nikiwa nayo. Sasa imepungua kidogo. Mzee anaendeleaje na kifua chake? Na mama je? Sisi wazima, ila Nabwire anakohoa usiku na jino la pili linamsumbua.

Nataka ujue habari ya Jumanne. Tangu ulipong'oa mabati yetu mapya ukapanda nayo basi kwenda kuezeka nyumba yako bomani kwa baba yako, sijalala vizuri. Haya makuukuu uliyotuwekea hayana hata msumari mmoja, ni mawe tu juu yake. Jumanne ngurumo zilianza tukila ugali. Nikawalaza watoto chini ya meza, nikakaa macho. Radi ikapiga upande wa Kariobangi, ikanyamaza. Ikapiga huku nyuma, ikanyamaza. Hakuna tone. Jirani yetu Waithera akaniita kupitia ukuta wa mbao:

"Mama Andati! Si ulete watoto huku!"

"Inaenda hiyo. Inazunguka tu."

"Inazunguka kama bwana yako! Mimi nimeona mbuzi akipanda basi, nimeona kitanda, nimeona hata mlango. Paa la nyumba ndiyo mara ya kwanza."

Nilicheka, sitakuficha. Lakini sikwenda. Yule analala na watoto wanne kitanda kimoja, na saa kumi lazima awe njiani kwenda soko la Burma kuchukua matumbo ya kuuza. Nimwamshe kwa sababu ya mvua ambayo yenyewe haijaamua?

Saa sita nyota zikatoka. Sakafu ilikuwa baridi, mtoto anakohoa, nikawarudisha kitandani. Hilo kosa ni langu. Saa nane upepo ukaja ghafla, bati likainuka, jiwe likaanguka kwenye mto, shibiri moja kutoka sikio la Andati. Hakulia. Aliuliza tu, "Mama, nani ametupiga?"

Nilisimama juu ya kitanda nikishikilia lile bati kwa waya mpaka kukapambazuka. Na mvua yenyewe, ilinyesha dakika kumi.

Sikuombi yote. Naomba manne ya juu ya kitanda, pamoja na misumari. Yafike kabla ya Mei kwisha.

Mkeo,
Mama Andati


Chavakali
13 Mei 1979

Mama Andati mpenzi,

Nakusalimu kwa niaba ya wote hapa. Mzee sasa anakunywa uji, na mama anamuulizia Nabwire kila siku. Barua yako nimeisoma mara mbili. Hilo jiwe limeniuma, tumshukuru Mungu.

Lakini mabati, mke wangu, haiwezekani. Nyumba imekwisha ezekwa na nimelala ndani. Unajua kwetu paa la mtu haling'olewi akiwa hai. Ukiniambia nipande nitoe manne, ni kama kuniambia nijiitie kifo mbele ya baba yangu mgonjwa. Mimi ndiye kifungua mimba, na mzee alisema hawezi kufumba macho kabla hajaona moshi ukitoka nyumbani kwangu. Ndiyo maana niliharakisha. Hata wewe ulikubali. Kamba za kufunga hayo mabati tulizikaza pamoja.

Kwa sasa ongeza mawe, tafuta makubwa. Na mzee anauliza utakuja lini kuwasha moto wa kwanza. Nyumba ambayo mke hajapika ni ghala tu.

Mumeo,
Baba Andati


Lucky Summer, Nairobi
24 Juni 1979

Baba Andati,

Nimesikia kwa watu waliotoka huko kwamba mzee sasa anatembea mpaka barabarani. Nimefurahi kwa moyo wote. Kikohozi cha Nabwire kimeisha.

Ni kweli nilikaza kamba. Uliniambia utaleta mengine baada ya wiki mbili, nikakaza. Hayo ya kuongeza mawe nilimsomea Waithera, akaniambia nirudie, akidhani nimesoma vibaya.

Ijumaa moja baada ya barua yako ngurumo zilirudi. Safari hii sikungoja. Nilibeba watoto, tukakaa kwa Waithera watu wanane mpaka asubuhi. Kukanguruma, kukamulika, wala hakukunyesha. Niliporudi, kila jiwe lilikuwa mahali pake na vumbi la sakafuni halikulowa. Nikakaa kitandani nikalia. Andati alikuwa mlangoni, jua linawaka, yeye anaangalia juu. Akaniuliza, "Leo tutalala wapi?" Mtoto wa miaka mitano.

Basi nimehama. Nimepata chumba cha ukuta wa mawe huku Lucky Summer, na kazi ya kushona vifungo kwenye kiwanda cha mashati. Mbao za nyumba yetu nimemwachia Waithera. Kodi nalipa mimi, na kitabu cha kodi kina jina langu.

Mwambie mzee, kwa heshima yote, moto sitakuja kuwasha. Nikipika chini ya hayo mabati nitakuwa nimesema ulifanya vizuri, na hukufanya vizuri. Ukija huku, bisha, nitakufungulia. Watoto ni wako. Lakini utakuja kama mtu anayebisha.

Kuna vitu vyangu vilivyopanda basi pamoja na mabati, na bado navihitaji. Mpe dereva yeyote unayemwamini. Kadi ya kliniki ya Nabwire, iko ndani ya Biblia yako. Cheti cha kuzaliwa cha Andati, mwakani anaanza shule. Mkasi wangu. Sufuria ndogo na kifuniko chake. Leso mbili, ile ya tatu mpe mama. Na blanketi la kijivu, kama wewe hujifuniki nalo.

Ni mimi,
Kageha, mama wa watoto wako