Salamu Zilizojaza Diski ya Redio

Manyovu, Jumapili

Kaka Nurudini,

Asalaam aleikum. Natumai barua hii inakukuta mzima, na kwamba miguu ya mama imepungua kuvimba. Mimi sijambo. Baridi ya huku bado inanionea, na maharage nimeyazoea kuliko nilivyotaka.

Uliponisindikiza stendi ya Tanga uliniomba nitafute chochote cha marehemu baba, maana alifanya biashara ya vitenge huku miaka mingi na kwetu hakuacha hata picha ya kueleweka. Niliuliza madukani Kasulu, wazee wakasema wanamkumbuka, basi. Sasa ninalo la kukuambia, ila lina mzunguko.

Majuzi kompyuta ya redio ninayofanyia kazi pale Kasulu iligoma kurekodi. Ni ya Linux, haina picha za kubofya. Unaiandikia amri nayo inakujibu kwa maandishi. Niliandika df -h, ikanijibu kwamba diski imejaa asilimia mia. Nikaandika du -sh * ili kila folda itaje ukubwa wake. Nilipojumlisha, hazikufika hata nusu ya diski. Nilijiona mjinga kidogo, kwa sababu amri hiyo huziruka folda ambazo majina yake yanaanza na nukta. Nilipoiandika kwa namna ya kuzionyesha hata hizo, ikajitokeza moja kubwa kuliko nyingine zote, ya Mzee Bazilio, mtangazaji wetu.

Waha, wenyeji wa huku, hawaingii kwenye jambo kabla ya salamu. Mtu akishasema mwakeye, yaani habari zenu, atauliza nyumba, ng'ombe na mashamba, kisha ataje watu wake wote. Meneja wetu Stanislaus, aliyehamia kutoka Mbeya, aliagiza salamu hizo zikatwe, mgeni wa kipindi aanzie kwenye hoja. Bazilio alitii hewani, lakini kila alichokata alikificha kwenye folda hiyo. Meneja akaniamuru nifute folda yote kabla ya habari za jioni. Bazilio alinifuata mezani, wala hakubembeleza.

"Unatupa salamu za watu, mwanangu," alisema. "Humo wamo wakimbizi wa kambi ya Mtabila waliorudi Burundi. Wamo na marehemu."

Nikapitia majina ya faili kwanza, kazi ni kazi. Nikaona jina la baba, nikaifungua faili kusikiliza.

Kaka, nililia pale pale, na unajua mimi si mliaji. Walimwalika aeleze bei ya vitenge mpakani. Kabla ya bei anasalimia. Anamtaja mama, anakutaja wewe, ananitaja mimi. Kisha anaendelea kwa sauti ile ile: "Namsalimu na mke wangu Esteri wa hapo Manyovu, na binti yetu Anifa."

Folda sikuifuta. Niliihamishia kwenye diski yangu ya nje, nikamwambia meneja nafasi imepatikana, na huo si uongo. Jana nikapanda gari kuja huku Manyovu. Esteri alishafariki. Anifa anashona nguo karibu na kituo cha mpaka, ana paji la uso lako. Baba alifariki Anifa akiwa mchanga, hakuwahi kuisikia sauti yake. Nilimwekea ile sauti, akairudia sana pale alipotajwa. Halafu akaniuliza kama nyumbani anajulikana. Nikamwambia nakuandikia wewe kwanza.

Mama sijamwambia wala sijui nitaanzia wapi. Hilo nakuachia wewe mkubwa wetu.

Msalimie shemeji na watoto. Bazilio naye anakusalimu, bila kukata.

Ni sisi wadogo zako,

Tunu
na Anifa