Namzungushia Mume Wangu Spana Hewani

Mshauri mpendwa,

Naomba unisaidie kabla sijaharibu zaidi, na kama kuna barua nyingine mezani kwako naomba yangu uisome kwanza, maana hizo nyingine nadhani ni za mapenzi na zinaweza kusubiri. Mimi ni mwanamke mwenye ndoa yangu na akili zangu timamu, nafanya kazi kwenye duka la dobi, napokea nguo na kuzipiga pasi, na mume wangu ni mwalimu wa udereva, mtaa mzima wanamwita Mwalimu, hata wale ambao hawajui kuendesha baiskeli. Mimi ni mrefu. Sisemi kwa kujisifu, nilizaliwa hivyo, na Mwalimu ni mfupi, naye alizaliwa hivyo, ananifika begani, na siku alipokuja kunichumbia alimwambia baba yangu kwamba amekuja kuomba mke, hakuja kushindana naye kuruka, watu wakacheka mpaka baba akasahau maswali aliyokuwa amejiandaa kuuliza. Hivyo ndivyo tulivyoishi. Mwanafunzi mpya akishamzoea ndani ya gari, siku Mwalimu akishuka yule mwanafunzi hutazama nyuma yake kama kuna mtu mwingine bado anashuka, na jioni Mwalimu ananisimulia, tunacheka wote. Nilidhani tunacheka wote.

Kisha mdogo wangu akaolewa, na wakati wa picha za familia mpiga picha akasema, "Shemeji pale nyuma, samahani, unapotea," akamletea kreti tupu ya soda asimame juu yake. Mwalimu akapanda, akacheka kuliko watu wote, picha ikapigwa na ikatoka nzuri. Tangu siku hiyo akawa anakaa na simu mpaka chakula kinapoa, akinisikia nakuja anaigeuza kifudifudi, nikajua tayari, nimeshapata mke mwenza. Nikamvizia anaoga, nikaichukua simu, nikakuta ni picha za mifupa.

Akanieleza bila aibu, na taulo kiunoni. Daktari anakata mfupa wa muundi, miguu yote miwili, anaizungushia pete za chuma kwa nje na pini zinazopenya mpaka mfupani, halafu kila siku unazungusha nati kidogo kidogo kwa spana, mfupa uliokatwa unaachana taratibu na lile pengo linajaa mfupa mpya, ndiyo unarefuka. Nikamuuliza, "Nani amekulalamikia?" Akasema hakuna. "Sasa unamrefukia nani?" Akasema nisimvunje moyo. Mama mkwe wangu, ambaye ni mfupi kuliko mwanawe, alipopewa habari alisema, "Mimi nilikuzaa mzima. Nani amekwambia umepungua?" Mwalimu akamjibu, "Mama, hili ni jambo la kitaalamu." Akaenda, akakatwa.

Sasa yuko nyumbani, kitanda tumekihamishia sebuleni kwa sababu mlango wa chumbani haupitishi kiti cha magurudumu, pini nazisafisha mimi kwa pamba na dawa, suruali zake nimezipasua pembeni nikashona vifungo ili vile vyuma vipite, na wageni wakija anajifunika shuka anasema alipata ajali ndogo, mgeni akiuliza ajali ya nini anasema ya gari, na kwa mwalimu wa udereva hilo si jibu zuri, wanafunzi wameshaanza kuhama. Spana nimekabidhiwa mimi, maana yeye akiinama anashikwa na kizunguzungu. Asubuhi kabla sijatoka, mchana nakuja mbio kutoka dukani, jioni, na kabla hatujalala. Yeye anajifunika uso kwa mto, anasema, "Zungusha," nazungusha, analia ndani ya mto, anautoa mto, anasema, "Asante." Ndiyo ndoa yetu kwa sasa.

Tatizo likaja hivi. Vidole vya mguu wa kushoto vikaanza kufa ganzi, vikafuata vya kulia, na visigino vikapanda, akisimama na magongo yake anasimama kwa ncha za vidole kama mtu anayechungulia ukuta wa jirani. Na daktari alituambia siku ile tunatoka hospitali, wote wawili tunamsikia, kwamba ganzi ikianza msizungushe tena, nipigieni siku hiyo hiyo. Nikamkumbusha Mwalimu. Akasema, "Daktari lazima aseme hivyo, ndiyo kazi yake." Daktari akapiga mwenyewe kumjulia hali, na Mwalimu akamjibu, "Safi kabisa, daktari, vidole vinacheza," na mimi nimekaa pale pale navitazama vile vidole, havichezi. Akaniapisha nisiseme. Anataka afike usawa wa sikio langu, anasema sikioni panamtosha, yeye si mtu wa tamaa.

Basi siku moja nilizungusha akapiga kelele ambayo sijawahi kuisikia kwa binadamu, halafu akautoa mto, midomo imempauka, akasema, "Asante." Zamu iliyofuata nikashindwa, Mshauri. Nikaisogeza spana karibu na nati, nikaizungusha hewani, na kwa ulimi wangu nikafanya tak. Akalia ndani ya mto kama kawaida. Akasema, "Leo umezungusha vizuri, nimeisikia mpaka kwenye paja."

Tangu hapo nati sijaigusa. Kila zamu nafanya tak. Jumapili anataka apimwe kwa tepu, yeye anashika mwisho wa gotini mimi nashika wa kisiginoni, na kidole gumba changu kinamwongezea kidogo, basi anafurahi mpaka ananiambia maneno matamu ambayo sijayasikia tangu uchumba, juzi ameniambia, "Ukisimama hapo mlangoni naona umeanza kupungua." Ganzi iko pale pale. Na wiki ijayo ana miadi ya kupigwa eksirei, na eksirei haina habari na kidole gumba changu.

Usingizi sipati. Na kuna jambo sijamwambia mtu. Sijui kama niliacha kuzungusha kwa huruma au kwa hasira, kwa sababu kila nikishika ile spana najiuliza, miaka yote ile tuliyokuwa tunacheka, mwenzangu alikuwa anacheka nini? Sasa nifanye nini, nimwambie ukweli, au niiache eksirei iseme yenyewe, au nizungushe kwa mkupuo zile zote nilizoruka ili mambo yawe sawa kabla ya miadi?

Ni mimi,
Mwenye Spana

MSHAURI ANAJIBU

Mwenye Spana,

Nimeisoma barua yako kwanza, kama ulivyoniagiza, na nilipofika hapo mwisho pa kuzungusha kwa mkupuo nikaacha chai yangu nikakupigia simu kwa namba uliyoiandika kwenye bahasha. Kwa hiyo haya ya mwanzo unayajua. Nayaandika kwa ajili ya wengine, maana barua yako si ya kwanza kunifikia yenye mtu kitandani na mwingine anayemficha daktari.

Nilikwambia weka spana chini. Usizungushe mbele, usizungushe nyuma, usizungushe hewani. Nikakwambia kabla hujamwambia mumeo, mpigie daktari, umweleze ganzi, visigino na hiyo tak yako. Ukasema utaona aibu. Nikakwambia ione, lakini uione huku simu iko sikioni.

Sasa pole na kukugombeza nitavichanganya, maana nafasi niliyopewa gazetini ni ndogo. Umefua, umeshona, umesafisha pini zilizoingia kwenye mifupa ya mtu unayempenda, unakimbia kutoka kazini kuja kumtia maumivu kwa ombi lake mwenyewe kisha unashukuriwa. Wauguzi wenye mshahara wanapewa likizo kwa mambo madogo kuliko hayo. Na kuacha kuzungusha hukukosea, ndiyo amri mliyopewa. Ulikosea uliponyamaza. Ganzi ile ilihitaji daktari siku ile ile, wewe ukaipa mchezo wa kuigiza. Mfupa usipovutwa unaanza kujifunga, na wewe mpiga pasi hujui unajifunga vipi. Halafu ukamwongezea kimo kwa kidole gumba! Miguu ni yake, bibie. Hata mkaidi ana haki ya kujua urefu wake.

Ulinipigia tena baada ya kutoka hospitali, na umeniruhusu nisimulie.

Ulimkuta ameshajifunika mto anasubiri. Ukamwambia, "Sizungushi. Jana pia sikuzungusha. Siku nyingi sizungushi." Mto haukusogea. Baadaye sauti ikatoka humo ndani: "Na maumivu?"

"Maumivu ni yako kweli. Hayo sikukudanganya."

Akaomba spana. Ukampa. Akaitazama pande zote mbili kama anataka kuinunua, akaisukuma chini ya godoro, akasema mpigie daktari. Ukamjibu umeshampigia na gari liko nje. Mama mkwe wako, ambaye siku hizi yuko hapo kwenu, akawafungulia mlango.

Daktari alimgusa kidole kimoja kimoja akimuuliza, "Hapa?" Na Mwalimu, yule ambaye kwenye simu vidole vyake vinacheza, akajibu, "Hapana. Hapana. Hapana." Eksirei ikaonyesha mfupa mpya umeanza kushikana, miguu yote sawasawa, hilo mshukuru Mungu. Daktari akasema kurefusha kumeishia hapo. Akasema pia kwamba mngeendelea kuvuta juu ya ganzi ile angeweza kuishi na nyayo zisizoinuka, anazikokota. Akamgombeza mumeo kwa uongo wa simu, akakugombeza na wewe kwa tak, na hapo nikampenda. Mwalimu akauliza basi amepata kiasi gani. Daktari akamwonyesha kwa vidole viwili, na Mwalimu akavitazama vile vidole kama mtu anayesubiri vifunguke zaidi. Havikufunguka.

Mguu wa kulia hisia zimeanza kurudi. Wa kushoto ni kidole gumba peke yake, na kwa vilivyobaki daktari hakuwaahidi kitu. Na mimi siwaahidi. Msinitafute kwa hilo.

Mwalimu, najua gazeti hili litafika kitandani kwako, hivyo nikueleze na wewe, kwa ufupi, na hilo neno usilichukulie vibaya. Sikucheki kwa kutaka kurefuka. Kila mtu ana mahali anapojiona amepunjwa, na kreti ile ingemuuma yeyote. Ila ulimpa mkeo spana ya kukuumiza, ukamwapisha asiseme, ukajifunika uso ili usimwone anavyokuwa. Hukuwahi kuutoa huo mto mapema ukamtazama? Na hiyo ajali ya gari iache leo hii. Waambie wanafunzi wako ukweli. Watacheka siku chache, kisha watakumbuka wana mtihani wa barabarani na watarudi. Kwa mwalimu anayesema aligonga hawarudi.

Mwenye Spana, unauliza kama ilikuwa huruma au hasira. Vilikuwa vyote viwili, na hasira una haki nayo, ila uliipeleka kwenye nati badala ya kuipeleka kwa mwenyewe. Mwambie hivyo hivyo ulivyoniandikia. Muulize alikuwa anacheka nini. Usimuulize wakati unasafisha pini, muulize mikono yako ikiwa mitupu, na akianza kujibu usimsaidie maneno. Majibu mengine yatakuuma. Vumilia, hata wewe ulimpimia uongo kila Jumapili. Na usiendelee kumwomba msamaha kila ukipita na sahani, mara moja ukiwa umekaa inatosha.

Unaniambia tangu hospitali hakusemeshi. Chakula anapokea kwa kichwa, dawa anapokea kwa mkono, anaongea na mama yake na redio. Nikakuuliza, hasemi kabisa? Ukasema kabisa, isipokuwa jioni, kwa sababu mtaalamu wa mazoezi wa pale hospitali ameagiza umpitishie taulo chini ya unyayo, uvute polepole kuelekea gotini, mhesabu, muachie, mrudie tena. Hapo anahesabu.

Nikauliza, kimoyomoyo?

Ukasema, "Kwa sauti. Na nikikosea ananirekebisha."

Basi usinipigie tena kuniambia hasemi. Leo jioni chukua taulo, kaa kwenye ncha ya kitanda, anza moja, na ukifika tano, kosea.