Kiti cha Mkalimani

Jumatatu, 7 Mei 1934

Mvua tena. Nafunga vidonda tangu kengele ya kwanza. Miguu imechoka, mgongo umechoka, dawa ya zambarau imenipaka mpaka kola ya shati.

Baada ya chakula cha mchana, kiti. Bwana Daktari huku, mgonjwa kule, mimi katikati nikitafsiri. Sitaki kujidanganya: naipenda kazi hii kuliko bandeji. Madresa wengine, wafunga vidonda wenzangu, hawaketi mbele ya Mzungu.

Mgonjwa wa leo ni Makori, mchumaji chai, kijana wa kwetu Kisii. Mkono wake wa kulia umekataa kufumba tangu Pasaka. Daktari amedunga vidole sindano, amegonga kiwiko. Hakuna mfupa wala mshipa wenye kasoro. Meneja anasema ni uvivu, na mwezi ukiisha hivi, Makori atarudishwa kwao. Kijana aliposikia “kwao” aliuficha mkono ule mgongoni.

Aliniamkia “baba”, kama inavyopasa. Nilitahiriwa mwaka mmoja na baba yake, Ombati.

Jumatano, 9 Mei

Daktari ana kitabu kutoka Ulaya. Kinasema mtu anaweza kuzika ugomvi moyoni mpaka mwenyewe asahau alipouzika, kisha mwili ukausema kwa niaba yake. Dawa ni maneno. Mgonjwa aseme kila kinachomjia, hata ndoto, hata aibu. Hasa habari za baba na mama.

Akaniagiza nimwulize Makori anaota nini juu ya baba yake.

Nikamwuliza. Akatazama sakafu. Nusu saa nzima tulisikiliza mvua kwenye mabati. Daktari akaandika kwamba moyo wa kijana unapinga. Nikasema ndiyo bwana, unapinga.

Ijumaa, 11 Mei

Kimya tena. Daktari hakukata tamaa. Alinieleza kwamba mgonjwa akizoea humfanya tabibu kuwa kama baba yake. Humpenda na kumchukia kwa mambo ambayo tabibu hana habari nayo. Ndipo ugonjwa hujitokeza. Anaingoja siku hiyo kwa hamu.

Niliitikia kwa kichwa kama mwanafunzi. Sikumwambia kwamba hapa hakuna cha kungoja. Baba yupo tayari. Amevaa koti jeupe, ameketi katikati, anatafsiri.

Kwetu kuna mambo hayasemwi mbele ya baba, wala mbele ya mtu aliyetahiriwa naye. Tunaiita ensoni, heshima ambayo ni aibu pia. Nimelijua hilo tangu Jumatatu. Lakini nikisema, atatafutwa mkalimani mwingine. Kwa hiyo nimenyamaza. Naona haya kuandika hivi, ila ndivyo ilivyo.

Jumanne, 15 Mei

Meneja amemwita Makori mjanja mbele ya wachumaji wote. Kijana anachuma kwa mkono wa kushoto, anang'oa na mashina. Nyapara alilimwaga kapu lake lote matopeni. Makori akaokota jani moja moja. Nilikuwa napita na chupa zangu za dawa, nikajifanya nina haraka.

Kemunto alinisubiri mlangoni. Ndiye anayefagia dispensari na kupika uji wa wagonjwa. Kwa Makori yeye ni wa rika la nyanya, kwa hiyo wanataniana wapendavyo. Humwita “mume wangu”, na kijana hucheka. Ndiye peke yake anayemchekesha.

“Huko ndani mnamuuliza nini huyu mtoto?”

Nikamwambia.

“Na ni wewe unauliza? Wewe si ni baba yake? Nani anaweza kuambia baba maneno kama hiyo? Mtamfukuza bure.”

Nilimkasirikia siku nzima. Kwa sababu ni kweli.

Alhamisi, 17 Mei

Nimemwambia Daktari. Nilianza vibaya, nikaomba radhi mara tatu kabla ya kufika kwenye kosa lenyewe. Akavua miwani. Akauliza kwa nini basi nilikubali kwamba moyo wa kijana unapinga. Nikasema, kwa sababu nakipenda kile kiti.

Hakugomba. Alisema nirudi kwenye vidonda.

Imeniuma. Mtu mzima na mvi zangu, imeniuma kama mtoto aliyenyang'anywa kiazi.

Makori nimemwombea awekwe jikoni kwa Kemunto, amsaidie kumenya ndizi kwa mkono alio nao.

Jumatatu, 21 Mei

Imetoka. Kitabu hakikuwepo, ndizi zilikuwepo. Kemunto alimtania kwamba yeye hataki mume wa mkono mmoja, na kijana akaanza kulia. Akasema yote.

Mwaka jana Ombati alimrudisha mama yake Makori kwa wazazi wake. Makori akabishana naye, mpaka yeye mwana akampiga kofi. Baba yake mzazi. Ombati hakumlaani. Aliingia nyumbani akafunga mlango, na kijana akakimbilia huku kwenye chai siku ileile. Pasaka ukaja ujumbe kwamba baba yake anamwita. Mkono ukafa.

Kemunto ameniletea habari kwa ruhusa ya kijana, maana wa kuipeleka kwa Ombati ni mimi. Daktari naye ameambiwa. Amefurahi sana, kitabu kilisema hivyohivyo. Kemunto akauliza kitabu cha nini, kambi nzima ilijua kuna kitu.

Kwa Daktari ugomvi umo kichwani mwa Makori. Kwa Kemunto uko kati ya watu wawili, na mmoja wao yuko Kisii. Mimi nimechoka, sina nguvu za kuwaamua. Nimemwandikia Ombati. Mwalimu wa kanisa atamsomea.

Jumatatu, 28 Mei

Ombati amefika. Siku mbili kwa miguu, matope mpaka magotini. Nilidhani mimi ndiye niliyezeeka.

Hakuniuliza mengi. Aliuliza tu kama mwanawe anakula. Makori alipotokea mlangoni nikachukua bandeji chafu nikaenda kuzifua, ingawa nilikuwa nimezifua asubuhi. Sikusikia walichosema. Sitauliza.

Daktari amemwombea Makori ruhusa ya mwezi mmoja kwa meneja, akapewa. Wanakwenda nyumbani kuchinja mbuzi, wazee wawatakase. Wameondoka saa tisa, Ombati mbele, Makori nyuma amebeba mzigo wa baba yake kwa mkono wa kushoto.

Ijumaa, 29 Juni

Mvua imepungua. Makori amerudi, anachuma. Kidole cha mwisho bado kizito. Asubuhi aliniamkia “baba” akapita, sikumsimamisha.

Daktari amenirudisha kwenye kiti. Hakusema kwa nini. Mgonjwa ni mzee wa kwetu, mpalilia chai, anayekosa pumzi bila kifua kuwa na kasoro. Daktari akafungua daftari, akasema nianze na ndoto.

Nilimwomba angoje kidogo. Nikabaki nimesimama. Nikamwuliza yule mzee kwa lugha yetu, “Mimi ni nani kwako?”

Alifikiri sana. Akahesabu ukoo wa baba yake, akahesabu wa mama yake, akauliza nilitahiriwa mwaka gani na wapi. Mwisho akatikisa kichwa.

“Si mtu wangu kwa lolote,” akasema.

Nikavuta kiti, nikaketi.