Kengele Niliyompigia Bi Mwanakombo

Kwale, Alhamisi, Juni 1956

Na breki zilikuwa nzima. Hilo ndilo linaloniuma, siwezi kusingizia breki.

Nilikuwa nateremka msituni na baiskeli kwenda Kombani, upepo masikioni, raha tupu. Kwenye kona nikakuta watu wamebeba jeneza. Kila mtu huku anajua la kufanya: unashuka, unapokea jeneza, unatembea nalo hatua chache. Mimi nikapiga kengele. Wakanipisha. Mzee mmoja akaniita, "Shuka, mwanangu!" Nikajifanya sikusikia.

Kombani nikamuuliza muuza kahawa ni nani aliyefariki.

"Bi Mwanakombo, wa ile nyumba ya kilimani. Kwani hukuwa na habari?"

Miaka mitatu, kila nikipanda kilima kile nikisukuma baiskeli, bibi huyo alikuwa akinitokea mlangoni na kata ya maji. "Pumzika kwanza, mjukuu wangu." Hata jina langu hakuwahi kuuliza.

Jioni nikarudi kwa njia ile ile, nikaingia kuwapa pole. Binti yake, asiyejua lolote, akaniletea maji kwa kata ile ile.

Nikamwambia sina kiu.