Norbert, Tufe la Kaka Yako Limetobolewa Upya

Mwaka umetimia, Norbert, tangu asubuhi ile ya Machi ulipotuacha, theluji ikiwa bado imerundikana mbele ya nyumba, na sisi tukiulizana nani atafungua duka Alhamisi.

Duka lilifunguliwa. Tunaanza na hilo kwa sababu ndilo ungeuliza kwanza. Binti yako Marlene alilifungua wiki ya pili baada ya mazishi. Aliwasha taa, akafuta vumbi kwenye mashine ya kutobolea matundu ya vidole kwenye matufe, akabandika kahawa. Wachezaji wa ligi ya Alhamisi waliingia mmoja mmoja, wakinong'ona kama wako kanisani. Walipoonja kahawa wakakuta ni mbaya vilevile kama yako, wakaanza kucheka na kuongea kwa sauti.

Miaka thelathini na moja ulikaa katika chumba kile kidogo pembeni mwa ukumbi wa bowling, hapa West Allis, matufe yakibingirika kuangusha pini mchana kutwa, mlango ukitazama njia ya kwanza ya kuchezea. Mgeni alidhani ni mahali pa kununua tufe na viatu, basi. Wewe uliwarudisha watu nyumbani zaidi kuliko ulivyowauzia. Mtu alikuja asubuhi, ametoka kwenye baridi, akanyoosha mkono apimwe, ukamwambia:

"Rudi Alhamisi ukishacheza michezo mitatu. Saa hizi vidole vyako vimelala. Nikivipima sasa nitamtobolea mtu mwingine."

Aliporudi ulitaka alete na tufe lake la zamani, hata kama lina ufa, na viatu vyake, na aseme ukweli panapouma. Hapo kwenye ukweli ndipo wengi walikwama. Wanaume waliofanya kazi kiwandani miaka arobaini waliona aibu kukuambia kwamba dole gumba linawauma. Kisha ulitoka naye hadi njia ya kwanza, ukasimama nyuma yake ukimtazama miguu. Mkono uliutazama mwisho. Na tufe likishatobolewa ulimwagiza arudi baada ya wiki mbili, kwa sababu kwako tufe likitoka dukani kazi ilikuwa imefika nusu tu. Waliokusikiliza walicheza hadi uzeeni bila kidonda. Waliokuona unawasumbua walikwenda kununua mbali, halafu wakarudi na plasta vidoleni, nawe hukuwacheka. Au uliwacheka kidogo.

Mkeo Bernadine anataka tukumbushe na ya kanisani. Wakati wa kupeana mkono wa amani, wewe uliushikilia mkono wa mtu kidogo zaidi ya inavyotakiwa, na macho yako yakaenda mbali. "Norb, mwachie mwenzio mkono," alikunong'oneza, akikupiga kiwiko. "Unapima tena!" Nawe ukajibu, "Nasali." Hakukuamini hata mara moja, na anasema sasa ndicho anachokikosa kila Jumapili.

Vipimo vyote uliviandika kwenye kadi, kadi moja kwa kila mkono, ukazihifadhi ndani ya makasha ya sigara, na kila mara uliandika kwa penseli. Marlene alipokuwa shuleni alikuuliza kwa nini hutumii kalamu kama watu wengine. Ulimwambia mkono hukonda, huvimba, huzeeka, na mtu akiandikwa kwa wino atalazimishwa kubaki alivyokuwa.

Kaka yako Chester, aliyekutangulia kuzaliwa kwa miaka sita, hakuwa na kadi kwa muda mrefu kuliko watu wote mjini. "Nimemfundisha huyu kufunga kamba za viatu," alikuwa akisema, "leo anifundishe kushika tufe?" Akaendelea na tufe lake la ujanani, na dole lake likawa linachanika kila wiki, naye akilifunga plasta nyumbani, mlango umefungwa.

Ulimkamata kwenye mlo wa samaki wa Ijumaa, chini kwenye ukumbi wa kanisa, miaka sita iliyopita. Alikuwa ameshika uma kwa mkono wa kushoto.

"Kaka, hilo dole lina nini?"

"Nimejikata na kopo."

"Na Ijumaa iliyopita?"

"Kopo."

"Basi hama kwenye makopo, kaka, utabaki bila mkono. Alhamisi nakungoja dukani."

Meza nzima ilicheka. Chester hakuja Alhamisi ile, alikuja iliyofuata, na alikuja kwa mlango wa nyuma. Ulimpima, ukamtobolea tufe jeusi, na mchezo wake wa kwanza alipata pointi mia mbili na kumi na nne kati ya mia tatu. Ulipomuuliza analionaje, alisema, "Linafaa." Kwa ukoo wenu wa Jaskulski hiyo ni hotuba, na tunajua uliielewa.

Sasa tukuambie yaliyotokea mwaka huu, maana yanakuhusu.

Ulipoondoka, Chester alikonda. Ratili kumi na tisa, daktari alisema, na hakuna ugonjwa. Dole nalo likakonda, likawa linacheza ndani ya tundu. Akabandika kipande cha utepe ndani ya tundu kulipunguza, kama ulivyokuwa ukiwafundisha watu wafanye kwa siku mbili tatu. Yeye alifanya miezi kumi. Kufikia Januari vipande vilikuwa saba. Akawa analibana tufe kwa nguvu lisimponyoke, na usiku kiwiko kikawa kinamuuma.

Alhamisi moja likamponyoka mkono ukiwa bado nyuma. Lilianguka kwa kishindo, likabingirika kwa taratibu kurudi kwenye viti vya timu yake mwenyewe.

"Chester," mmoja wao akasema, akiinua miguu, "pini ziko upande ule!"

Yeye peke yake hakucheka. Alilifuta tufe, akalitia kwenye mkoba wa kulibebea, akasema msimu ukiisha anaacha. Miaka hamsini na miwili ya Alhamisi, na anaacha.

Marlene alimfuata. "Ba'mkubwa, nipe hilo tufe. Naliziba tundu, natoboa jingine. Kesho unalichukua."

"Hapana."

"Huniamini?"

"Nakuamini. Lakini baba yako ndiye aliyelitoboa. Nikiingiza dole hapa naingiza alipopitisha yeye mkono wake. Ukiliziba, nitabaki na nini? Picha?"

"Kwa hiyo bora uache kucheza?"

"Bora niache."

Marlene hakubishana. Ulimlea vizuri. Aliingia dukani akarudi na kasha la sigara, akatoa kadi ya Chester, akaiweka mezani chini ya taa. Chester akavaa miwani.

Mahali pa dole gumba karatasi ilikuwa imechakaa kwa kufutwa. Pembeni, kwa mwandiko wako mdogo, kulikuwa na tarehe tatu, zote za Julai, za miaka mitatu tofauti. Chini yake uliandika: *Asiambiwe.*

Chester alisoma mara mbili. Kila kiangazi, ligi ikipumzika, alikuwa akikuachia tufe ulisafishe. Nawe, mjanja wee, mara tatu uliliziba tundu kwa plastiki nyeusi kama tufe lenyewe, ukatoboa upya kwa dole lake la mwaka ule, ukaling'arisha lisionyeshe alama. Na yeye kila Septemba alikuwa akitutangazia kwamba kupumzika kunamfaa, dole limepona lenyewe.

"Lile tundu la mia mbili na kumi na nne," akasema, "halipo?"

"Halipo tangu zamani, Ba'mkubwa. Hilo unalolilinda ni la nne."

"Miaka yote ananisikiliza nikijisifu."

"Alikuwa akija nyumbani anatuigizia."

Chester aliinama tena juu ya kadi. Kisha mabega yakaanza kumtikisika, na Bernadine, aliyekuwa akimimina kahawa, alidhani analia. Alikuwa anacheka. Alicheka hadi akavua miwani.

Marlene alikuwa ameshika penseli yako, ile iliyotafunwa mwisho. "Niandike kipimo kipya chini ya cha baba?"

Chester akamnyooshea mkono apimwe.

"Futa," alisema. "Hata yeye angefuta."

Alhamisi iliyopita tundu lako lilizibwa, Norbert, na jipya likatobolewa, mkono ukiwa na joto la michezo mitatu, kama unavyotaka. Marlene alitoka naye hadi njia ya kwanza, akasimama nyuma akimtazama miguu. Tufe lilitoka doleni kwa ule mlio mdogo, kama wa kizibo kikitoka chupani, uliokuwa ukiufurahia. Zilianguka pini tisa kati ya kumi. Chester aligeuka, na Marlene akamuuliza analionaje.

"Linafaa," alisema.

Atajiandikisha tena msimu ujao. Wiki ijayo anarudi dukani likaguliwe, na safari hii anapita mlango wa mbele.

Wanaokukumbuka kwa upendo ni mkeo Bernadine; binti yako Marlene; kaka yako Chester; na ligi yote ya Alhamisi, walio na plasta na wasio nayo. Vipimo bado tunaviandika kwa penseli. Jina lako kwenye kioo cha mlango ni la rangi, nalo halifutwi. Daima, Norb, tutakukumbuka.